Siku Niliyotia Shampuu kwenye Mashine ya Mzee Tonui

Vijana wa gereji, swali mliloniachia siku nilipokabidhi funguo lilikuwa jepesi. Mlitaka kujua, kati ya hizi dawa zinazotiwa kwenye oili ya injini ili vyuma visisuguane sana, ipi ndiyo bora. Jibu lingeenea kwenye ujumbe mmoja wa simu, nanyi mngeendelea na kazi. Lakini siku hizi sina gari la kulala chini yake, mke wangu amechoka kuniona nikitia grisi bawaba za milango, na jibu lenyewe lina mtu ndani yake. Kwa hiyo nitaandika kwa urefu. Asiye na subira aruke mpaka penye dawa, achukue anachotaka, aende zake.

Nilifika kwenye kiwanda chetu cha chai, huku juu upande wa Mogogosiek, nikiwa kijana kutoka Kisii, na cheti cha ufundi nilichokuwa nimekikunja vizuri kuliko nilivyokisoma. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe. Mpaka leo sijui ni nani alinidanganya. Msimamizi wa gereji alikuwa Mzee Tonui, Mkipsigis wa Chebunyo, mtu mrefu aliyechechemea mguu mmoja kwa sababu ya jeki iliyoteleza zamani. Alilitazama shati, akalitazama lori la majani chai lililokuwa juu ya shimo, akasema, "Weri, ingia chini utoe oili." Weri ni mvulana kwa Kikipsigis. Nikaingia, nikafungua nati huku nimekodoa macho juu kama mtu anayengojea maji ya bomba, na oili ya moto ikanishukia kifuani. Mzee hakucheka. Alinirushia kitambaa akasema, "Sasa umejua oili iko moto. Kesho utajua ingine." Jina la weri lilinibakia mpaka nikaota mvi.

Kitu alichonifundisha kuliko vyote ni kupima. Hakuruhusu mtu ataje ugonjwa kabla hajapima. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, ananyamaza, na sisi sote tunanyamaza, hata dereva aliyekuwa na haraka ya kwenda kuchukua majani. Oili aliisugua kati ya vidole, akainusa, kisha akadondosha tone moja kwenye ukingo wa gazeti kuukuu na kungoja lisambae. Tone likiacha duara jeusi katikati na pete safi pembeni, alijua hali ya injini kuliko mwenye gari.

Mwaka wangu wa kwanza, lori moja lilikuwa linakunywa oili kama ndama anavyonyonya. Nilibadilisha sili, filta na bomba la kupumulia, vyote kwa mkupuo, na ugonjwa ukapona. Nikaenda kwa Mzee nikitembea kwa madaha. Akaniuliza, "Ni gani ilikuwa mbaya?" Sikujua. Basi alinirudisha chini ya lori, nikavirejesha vile vikuukuu kimoja kimoja, na kila mara tukalitoa lori barabarani, mpaka tukampata mwizi. Nilimlaani kimoyomoyo siku nzima. Lakini tangu hapo najua kwamba ukitaka kulinganisha vitu, badilisha kimoja tu, vingine vyote uviache vilivyo.

Kuna jambo lingine lazima niliseme, ili mjue uzito wa yale yatakayofuata. Ulikuja msimu wa uchaguzi ambapo sisi wa kutoka Kisii hatukuwa salama kwenye vilima hivi. Nyumba za jirani zetu zilikuwa zimeshachomwa. Mzee Tonui alikuja na pikapu yake mchana kweupe, akatupakia mimi na mke wangu, akatupeleka kwake Chebunyo. Vijana wakaja mpaka langoni na mishale. Mzee alitoa kigoda, akakaa katikati ya lango, akaanza kutia jembe mpini. Aliwaambia, "Huyu ni fundi yangu. Kama mnataka yeye, anzeni na mimi." Walikuwa watoto wa majirani zake, wengine yeye mwenyewe aliwahi kuwapeleka shule kwa pikapu hiyo hiyo. Wakasimama, wakatazamana, wakaenda. Tulikaa kwake mpaka mambo yakatulia, mke wangu akipika na Mama Tonui kwenye jiko moja. Tuliporudi kazini Mzee hakulitaja jambo hilo tena hata mara moja.

Baadaye alistaafu, nami nikashika nafasi yake. Ya vyeo hayana utamu, tuyaache.

Sasa tufike penye dawa. Miaka ya karibuni maduka ya vipuri pale Litein yalijaa chupa. Kila chupa ilikuwa na picha ya pistoni inayong'aa, na kila muuzaji alikuwa na shemeji ambaye gari lake lilikuwa karibu kufa likafufuka. Wakurugenzi wa wakulima wakaanza kusumbuliwa wanunue dawa ya malori yote ya majani. Mwenyekiti wao, Bwana Langat, mtu wa kucheka na kuchekesha, alimwambia meneja, na meneja akaniambia mimi: linganisha, kisha utuambie ukweli.

Kazi hiyo niliifanya vizuri. Nasema hivyo bila haya, maana aibu yangu haipo hapo. Nilichukua pikapu nne za maofisa wa mashambani, za aina moja na umri mmoja. Zote nilizimwaga oili siku moja, nikazitia oili ya pipa moja na filta mpya. Tatu zikapewa dawa, kila moja na yake, ya nne haikupewa kitu. Zikapita njia zile zile, mlima ule ule, matope yale yale.

Mwanzoni pikapu yenye dawa nyekundu ilionekana inaokoa dizeli ajabu. Nikataka kushangilia. Kisha nikakumbuka masomo ya Mzee, nikawabadilisha madereva, na akiba ikahama pamoja na dereva. Kumbe bwana yule kila akifika kwenye mteremko alikuwa anatoa gia na kuliacha gari lijiendee. Nyinyi mnazijua breki za pikapu zile na mnaijua miteremko yetu. Niliongea naye maneno ambayo hayafai kuandikwa na mzee wa kanisa.

Matokeo ni haya. Dawa nyeusi kama masizi ilipunguza kelele ya injini kidogo asubuhi za baridi. Dizeli haikuokoa kiasi ambacho ningeweza kuapia. Ile nyekundu, nzito kama asali, ilifanya oili iwe nene, na alfajiri stata ilikuwa inazungusha injini kama punda aliyeamshwa. Inaficha moshi wa injini iliyochoka, kwa hiyo inamfaa anayetaka kuuza gari bovu kwa mtu asiyempenda. Ya tatu ilikuwa nyeupe kama maziwa, na ndani yake mna unga laini unaodaiwa kujipaka kwenye vyuma ili viteleze. Niliikata filta yake kwa msumeno. Ule unga ulikuwa umejikusanya kwenye mikunjo ya karatasi, umetulia. Pikapu ambayo haikupewa kitu haikuwa na neno.

Kwa hiyo shikeni hili. Oili nzuri inatoka kiwandani ikiwa na dawa zake ndani, zimechanganywa kwa kipimo na watu wanaojua. Ukiongeza chako juu, unavuruga mchanganyiko wao. Tazameni kwenye kitabu cha gari ni oili ya aina gani inayotakiwa, ibadilisheni kwa wakati wake, na mnunue kwenye duka ambalo mnaweza kurudi na kugombana, maana oili bandia imeua injini nyingi kuliko ukosefu wa dawa. Na waambieni watu wa boda boda wasitie hizi dawa za magari kwenye pikipiki. Klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, na klachi inahitaji kushikana. Pale Litein nilimwona mmoja akivuta eksileta mlimani, injini inalia, pikipiki imesimama, abiria wake ameteremka anatembea kwa miguu mbele yake.

Wakala wa ile dawa nyeupe katika sehemu zetu alikuwa Mzee Tonui.

Nililijua hilo kabla sijaikata filta. Kampuni moja ilikuwa imemfuata kwake, ikampa mafunzo, koti na mashine ya maonyesho. Siku ya wakulima kiwandani ilipokaribia alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyerudi kazini. "Weri, nakuja na mashine. Watu ya huko wanasikia wewe. Utasimama na mimi?"

Nikasema, "Sawa, Mzee, nitasimama."

Namba yake nilikuwa nayo. Chebunyo si ng'ambo, ukitoka asubuhi unafika mchana haujaiva. Ningeweza kwenda nikamwonyesha ile filta mezani kwake, tukiwa wawili, naye angeivaa miwani yake akaitazama. Sikwenda. Nilijiambia kwamba Mzee amezeeka akaamua kula kwa uongo, na kwamba mtu wa uongo haonewi haya. Nilikuwa sijampima. Nilitaja ugonjwa kwanza, kitu ambacho alinikataza tangu siku za shati jeupe. Na nyuma ya hayo kulikuwa na sababu ndogo zaidi ninayoona aibu kuiandika: nilitaka kuonekana. Meneja alikuwa amenisifu, Bwana Langat alikuwa amenisifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Siku yenyewe jua liliwaka baada ya mvua, wakulima wakajaa hemani na gambuti zao. Mzee alisimama na lile koti la kampuni, limembana mabegani. Mashine yake ni ile ambayo huenda mmeiona sokoni: mota ndogo inazungusha pete ya chuma, kipande kingine cha chuma kinakandamizwa juu ya pete kwa mkono wenye mawe ya mizani. Alitia oili tupu, akaongeza mawe, chuma kikalia na mashine ikasimama. Akatia dawa yake nyeupe, akaongeza mawe, na mashine ikaendelea kuzunguka. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja mbele akasema, "Hiyo ni kweli, macho yangu si yameona?"

Hapo Mzee akaniita. Akanipa kipaza sauti, akaniwekea mkono begani. "Huyu mnajua. Huyu nilifundisha kutoka akiwa hajui kushika spana. Weri, ambia wao."

Mfukoni nilikuwa na chupa ya shampuu ya mba niliyoichukua kwa kinyozi. Nilikuwa nimeijaribu kabla kwenye mashine ya namna hiyo, nikajua itafanya nini. Nilimwomba Mzee tuifute pete. Aliifuta yeye mwenyewe, kwa kitambaa safi, taratibu, mpaka ikang'aa. Nikamimina shampuu. Nikamwomba anishikie mkono wa mashine niongeze mawe. Akanishikia. Alidhani namsaidia. Nikaongeza mawe yote, nikaazima na jiwe la mizani ya majani, na ile pete ikaendelea kuzunguka huku povu linaruka.

Nikainua chupa watu waione. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Basi wakulima, kama hii mashine inasema ukweli, kesho tukaoshe malori nywele."

Hema lilikaribia kuanguka. Bwana Langat alilia machozi, akishikilia nguzo. Nikawaeleza, kwa sauti ya mwalimu, kwamba mashine ile inabana chuma juu ya chuma mahali padogo kama punje, jambo ambalo kwenye injini nzima halipo, maana humo mhimili unaelea juu ya oili inayosukumwa na pampu. Nikawaeleza na ule unga kwenye filta. Kila neno lilikuwa sahihi. Dawa haikununuliwa, na wakulima hawakukatwa kitu kwenye bonasi yao. Kama mtaniuliza ilifaa wajue, nitasema ilifaa, na leo ningewaambia tena.

Lakini nilimtazama Mzee. Alikuwa anarudisha mawe kwenye sanduku lake, kubwa kwanza, kisha linalofuata, kila moja kwenye tundu lake. Watu walikuwa bado wanacheka. Alipofunga sanduku aliniambia kwa upole, "Asante, Bwana Fundi." Tangu siku hiyo sijasikia tena akiniita weri.

Nikawa maarufu. Mtu alikuwa amechukua video, ikazunguka kwenye simu mpaka Bomet na Sotik. Nikienda kanisani naulizwa habari za shampuu. Nilifurahia, msidanganywe na nywele zangu nyeupe mkadhani niliumia siku ile ile. Niliisimulia gerejini, nikaisimulia kwenye matanga, na kila nikisimulia niliongeza chumvi kidogo.

Kisha nikakutana na Mama Tonui sokoni Litein. Alinisalimu kwa mikono miwili kama kawaida, akauliza mke wangu hajambo, akauliza watoto. Halafu akaniuliza, "Zablon, kwetu hakuna mlango?"

Nikasema, "Mama, kazi ilikuwa mingi."

"Haya," akasema, akageuka kuendelea kuchagua kabichi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Chebunyo na sukari na majani ya chai. Mzee alinipokea vizuri. Tulikunywa mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, tukazungumza ng'ombe na ukame. Neno nililolibeba lilikaa mdomoni likageuka jiwe. Nilipokuwa naaga, Mama akasema pikapu inawasha taa nyekundu ya oili. Mzee akasema, "Acha. Leo ni mgeni, atachafua nguo." Nikavua koti, nikaingia chini.

Nilipoteremsha bakuli la oili nilikuta chujio la pampu limezibwa na kitu cheupe, kizito kama uji uliolala. Ilikuwa dawa yake. Alikuwa ameitia kila alipobadilisha oili, tena zaidi ya kipimo cha chupa, kwenye ile pikapu iliyotubeba mimi na mke wangu. Mtu anayeuza uongo haunywi yeye mwenyewe. Mzee aliiamini. Walimwonyesha mashine, mashine ikapima mbele ya macho yake, na yeye maisha yake yote ni mtu wa kuamini kilichopimwa. Mimi nilimwita mwongo moyoni mwangu, nikamfanya akishike chombo cha kumchekeshea watu. Nilibaki chini ya gari nikijifanya natafuta nati.

Aliinama akauliza, "Ni ile?"

"Ni ile, Mzee."

"Safisha."

Nikasafisha. Alinipa spana kabla sijaomba, kila moja saizi yake, kama mimi nilivyokuwa nampa yeye zamani. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nisamehe, na mahali penyewe palikuwa hapo. Nikasema, "Ikimaliza wiki, angalia tena oili iko ngapi." Akasema ataangalia. Nikaosha mikono, nikarudi nyumbani.

Nimekwenda mara nyingi baada ya hapo. Sukari niliyopeleka Chebunyo ingejaza duka, lakini lile neno halijafika. Nimejiuliza sana kwa nini. Mtu aliyekosea hesabu anarudi, anafuta, anaandika upya, na wote mnaona alipokosea. Mimi hesabu yangu ilikuwa sawa. Kila nilipotaka kuanza, ule usahihi wangu ulisimama mlangoni ukauliza kwani umekosa nini. Na maji yakimwagika hayazoleki, nikajiambia, ambayo ni methali nzuri sana kwa mtu mvivu wa kupiga magoti.

Mlipopanga sherehe ya kuniaga, nilimwalika Mzee na Mama. Niliona kwamba nilimwaibisha mbele ya watu, basi nitamheshimu mbele ya watu. Niliandaa maneno, nikayasema bafuni mpaka mke wangu akaniuliza naongea na nani. Ningewaambia nyinyi kwamba huyu ndiye fundi, na mimi ni kazi ya mikono yake, na kwamba siku ile ya wakulima nilimkosea.

Nyinyi hamkumjua. Wengi wenu mliajiriwa baada yake. Mlimwona mzee mwenye kofia amekaa safu ya nyuma, mkampa soda, mkadhani ni jamaa yangu. Kisha mfawidhi wa sherehe akatangaza kuna igizo. Akatokea Chebet, yule msichana fundi wetu wa umeme wa magari, amevaa koti linalombana, ameshika mashine ya kusagia nyama na chupa ya shampuu. Alikuwa anachechemea. Alichechemea vizuri sana, bega moja likishuka kabla ya mguu, sawasawa kabisa. Watu walikufa kwa kicheko. Chebet hajawahi kumwona Mzee Tonui akitembea. Mwendo ule aliufunzwa na mimi, maana kila niliposimulia ile hadithi gerejini nilisimama nikauigiza.

Nilimtazama Mzee. Alingoja mpaka igizo likaisha, akapiga makofi kama mgeni mwenye adabu.

Wakaniita niseme. Nikasimama. Nilimshukuru meneja, nikawashukuru madereva, nikamshukuru mpishi wa chai. Nikasema barabara zitengenezwe. Nikakaa.

Chai ilipoanza kupita, mtu fulani alimnong'oneza Chebet kwamba yule mwenye kofia ndiye mzee wa mashine. Alilitupa lile koti kwenye kiti, akapita katikati ya hema mbele ya watu wote, akapiga magoti mbele ya Mzee, akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kumwomba msamaha kwa Kikipsigis. Haikuchukua muda. Mama Tonui alikuwa bado anakoroga sukari kwenye kikombe.

Mimi nilikuwa nimeshafika karibu yao, na sahani ya keki niliyomkatia Mzee. Kikipsigis nakielewa, na Mzee anajua nakielewa. Aliinua macho akaniona nimesimama pale. Kisha akamjibu Chebet kwa Kiswahili.

"Hakuna makosa, msichana yangu. Wewe hukujua."